Ini halisemi yote kwa namba moja

Mwongozo wa WHO wa 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B una jambo zuri: kupima makovu bila kutoboa ini kwa sindano. Mashine inagonga kidogo kati ya mbavu, mtetemo unapita kwenye ini. Ini likiwa gumu, mtetemo unakimbia zaidi. Ikizidi kilopaskali 7, anza dawa, ikizidi 12.5, ni sirosisi.

Safi. Ila hebu tuusome tukiwa Kimamba. Mashine hiyo ni ya hospitali kubwa. Waandishi wamelijua hilo: wanaruhusu APRI, hesabu inayotokana na vipimo vya damu, na kiwango cha sirosisi wamekishusha kutoka 2 cha mwaka 2015 hadi 1. Hapo nawapa maksi.

Shida ni kwamba namba hizo ni za homa ya ini, na Tanzania tuna kichocho cha tumbo pia. Makovu yake huzunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini, huku nyama yenyewe ikibaki laini. Mashine inaweza kutoa namba "nzuri" kwa mtu mwenye bandama kubwa, anayekaribia kutapika damu. Ultrasaundi ya kawaida huyaona makovu hayo.

Kwa hiyo, mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa namba peke yake. Bandama nayo iangaliwe.