Kuhawilisha si Kupunguza: Tahakiki ya Istilahi za Picha za Kompyuta

Huaminika mara nyingi kwamba taabu kubwa ya mwanaistilahi ni neno geni lisilo na mwenziwe katika Kiswahili. Kwa hakika neno la namna hiyo halisumbui sana. Likikosa mwenzi hutoholewa, likaingia kama yalivyoingia faili na programu, na msomaji asiyelifahamu huenda akalitafuta katika kamusi. Neno linalostahili kuogopwa ni lile la kawaida, ambalo kila mtu anadhani analijua, nalo likakabidhiwa kazi ya kitaalamu bila ya kupimwa kwanza. Miongoni mwa maneno hayo ni kubadilisha, kama linavyotumika katika miongozo na faharasa za kompyuta tunazoletewa kuhakiki.

Makala haya yanalichunguza neno hilo, pamoja na jamaa zake wachache, katika uwanja mmoja mdogo: kazi ya kuitoa picha katika muundo mmoja wa faili na kuitia katika mwingine, kwenye kompyuta binafsi za miaka ya 1980. Uwanja huo tumeuchagua kwa makusudi. Rangi za mashine zile zilikuwa chache mno, kiasi kwamba kinachopotea katika kazi hiyo kinaweza kuhesabiwa kwa vidole. Isitoshe, mambo yake hayajawa ya kale kabisa. Muundo wa GIF, uliotungwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ungali unatumika, na mtunza nyaraka anayekabidhiwa sanduku la disketi za enzi zile hana budi kujua amfanyie nini kila picha iliyomo.

Tuanze na hesabu, maana bila yake ubishi wa maneno hauna mguu wa kusimamia. Kadi ya rangi ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ijulikanayo kama CGA, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 16,384 tu. Picha yake ya rangi ilikuwa na pikseli 320 kwa upana na 200 kwa urefu, yaani pikseli 64,000. Hapa tutaziita nukta kwa wepesi. Kila nukta ikipewa biti mbili, jumla ni baiti 16,000, na kumbukumbu imekwisha. Biti mbili hutoa chaguo nne, basi rangi zikawa nne: moja ya usuli, ambayo mtumiaji aliweza kuichagua, na tatu zilizofungwa pamoja na mtengenezaji, ama kijani, nyekundu na kahawia, ama sayani, majenta na nyeupe.

Hapa yafaa kutua kidogo. Rangi zetu nyingi, ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, zimepewa majina ya vitu: kijani ni jani, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu. Kwa sababu hiyo wako wafasiri ambao hushawishika kuiita sayani samawati na majenta damu ya mzee. Hatukubaliani nao. Damu ya mzee ni nyekundu iliyokolea na kuelekea weusi, na kila mwenye kuvaa nguo anaijua; majenta si hiyo. Ama samawati, ni ya mbingu, na katika rangi 16 za kadi ile buluu hafifu ilikuwa na nafasi yake peke yake, mbali na sayani. Tukilitumia jina moja kwa rangi mbili zilizomo katika orodha moja, fundi atakosa la kushika. Majina haya mawili na yatoholewe, yabaki hivyo.

Turudi kwenye hesabu. Kosa la kwanza tunalolikuta katika miswada ni sentensi ya aina hii: "Kompyuta ya Atari ST ina rangi 512." Mashine hiyo, iliyotoka mwaka 1985, iliweza kuunda rangi 512, lakini katika picha ya nukta 320 kwa 200 ilionyesha 16 tu kwa wakati mmoja, zilizochaguliwa miongoni mwa hizo 512. Kadi ya EGA ya mwaka 1984 ilionyesha 16 kati ya 64. VGA ya mwaka 1987, katika picha ya nukta 320 kwa 200, ilionyesha 256 kati ya 262,144. Kiingereza chenyewe hukitumia kibao cha mchoraji kama jina la idadi zote mbili, na wafasiri wetu wamekichukua kibao hicho pamoja na utata wake, wakakiita kibao cha rangi. Tunapendekeza kibao kiachwe. Jumla ya rangi ambazo mashine yaweza kuziunda iitwe hazina ya rangi, na zile zilizoteuliwa kwa picha moja ziitwe teuzi ya rangi. Hapo sentensi itanyooka: hazina ni 512, teuzi ni 16.

Msomaji mjuzi atatupinga kwa mfano wa Amiga, nayo ya mwaka 1985. Kwa kawaida ilikuwa na teuzi ya 32 kutoka hazina ya 4,096, ila ilikuwa na hali moja ya pekee iliyoweza kutandaza hazina yote katika picha moja. Katika hali hiyo nukta ama ilichukua rangi mojawapo kati ya 16 za msingi, ama iliiga rangi ya jirani yake wa kushoto na kurekebisha sehemu moja tu: wekundu, ukijani au ubuluu. Ndiyo maana kingo za maumbo ziliacha michirizi ya rangi. Mfano huo hauvunji hoja yetu. Unaonyesha kwamba teuzi na hazina ni dhana mbili, ambazo mhandisi mwerevu alijitahidi kuziziba pengo lake.

Sasa tufike kwenye kubadilisha. Chukua picha ya Atari ST iliyohifadhiwa kwa programu ya Degas, ambayo Tom Hudson aliitunga. Faili yake ina baiti 32,034: mbili zinataja hali ya skrini, 32 zinataja teuzi ya rangi 16, na 32,000 ni picha yenyewe. Ukiitia picha hiyo katika muundo wa IFF, ambao kampuni ya Electronic Arts iliutoa mwaka 1985 na watumiaji wa Amiga wakaukubali, mpangilio wa biti hugeuka na utangulizi wa faili huandikwa upya. Lakini kila nukta inabaki na rangi yake, na mwenye subira aweza kuirudisha katika Degas bila ya kukosa hata nukta moja. Sasa chukua picha ile ile uitie katika kadi ya CGA. Baiti 32,000 zinakuwa 16,000. Rangi 16 zinakuwa nne. Nukta ya zambarau na nukta ya waridi zote mbili zimekuwa majenta, na hakuna hirizi itakayozitambulisha tena ipi ilikuwa ipi.

Kazi hizo mbili Kiingereza kinaziita kwa kitenzi kimoja, na sisi tumekifuata: kote ni kubadilisha. Na kwetu sisi hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa kubadilisha katika masikio ya Mswahili kuna harufu ya haki. Mtu hubadilisha fedha, akatoa za nchi hii akapewa za nchi ile kwa thamani iliyo sawa. Mtunza nyaraka anayesoma katika mwongozo kwamba picha "imebadilishwa" hana sababu ya kushuku. Ataifuta ile ya kwanza ili kupata nafasi, na kilichofutwa hakirudi. Hata akipata baadaye mashine ya rangi 256 na kuibadilisha tena, atapata faili yenye nafasi ya rangi 256 na ndani yake rangi nne zile zile.

Kiswahili kina kipimo chake ambacho Kiingereza hakina kwa wepesi kama huo, nacho ni kauli ya kutendua. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunakunja na kukunjua. Katika jozi kama hizo umbo la kitenzi lenyewe latuambia kwamba kilichotendwa chaweza kutenduliwa. Muundo wa PCX wa kampuni ya ZSoft hupunguza ukubwa wa faili kwa kuandika "nyeupe mara 40" badala ya kuandika nyeupe mara arobaini; GIF hutumia hila nyingine iliyo ya werevu zaidi, lakini nayo hairuki nukta. Huko ni kukunja, na kuisoma faili ni kukunjua, kama mkeka unaokunjwa asubuhi na kukunjuliwa jioni ukiwa na miyaa yake yote. Kuita jambo hilo kubana si kosa kubwa, ila jozi ya kukunja na kukunjua inafundisha zaidi. Ama muundo wa JPEG, uliosanifiwa mwaka 1992, huo hautoi picha ile ile nukta kwa nukta ukifunguliwa, hivyo haufai kuitwa kukunja. Tungependa uitwe kukamua. Hakuna aliyewahi kulirudishia chungwa maji yake.

Kwa kipimo hicho tunapendekeza vitenzi viwili. Pale ambapo muundo wa faili unageuka na nukta na rangi zote zinasalimika, tuseme kuhawilisha. Neno hili ni ndugu wa hawala: kinachotumwa hufika kamili, na chaweza kutumwa kurudi. Pale ambapo teuzi inakuwa ndogo kuliko ya awali, tuseme wazi kupunguza rangi. Kinyume chake ni kuongeza, na kila mtu anajua kwamba kuongeza si kurudisha kile kile kilichoondoka. Njia za kupunguza zinatofautiana, na mjuzi atazitaja kwa majina yake. Ile aliyoieleza Paul Heckbert mwaka 1982, kwa mfano, huigawa hazina katika visanduku vyenye idadi sawa ya nukta na kuteua rangi moja kwa kila kisanduku. Haizuii upotevu. Inauweka mahali ambapo jicho halitaudhika sana.

Jamaa mwingine wa uwanja huu amefasiriwa vibaya kuliko wote. Mashine yenye rangi chache huweza kulidanganya jicho kwa kuzitawanya nukta za rangi mbili karibu karibu, hata zikaonekana kwa mbali kama rangi ya tatu. Macintosh ya mwaka 1984, ambayo skrini yake ya nukta 512 kwa 342 ilijua nyeusi na nyeupe tu, ilionyesha kijivu kwa njia hiyo. Msukaji wa mikeka ya rangi anaifahamu siri hii: ukili wa miyaa myekundu na myeupe, ukiutazama kutoka mlangoni, huuona waridi ambao hakuna aliyeutia katika sufuria. Neno la Kiingereza kwa kazi hiyo lina asili ya kutetemeka na kusitasita, na mfasiri anayeshika kamusi bila ya kuiona picha hutuandikia mtetemo. Picha haitetemeki. Tunapendekeza unyunyizaji.

Na ndani ya unyunyizaji kuna tafsiri nyingine ya kusikitisha, usambazaji wa makosa, inayokusudia kuitaja njia ya Robert Floyd na Louis Steinberg iliyochapishwa mwaka 1976. Tuseme nukta ina weupe wa 100 katika kipimo cha 0 hadi 255, na mashine haina ila nyeusi na nyeupe. Nukta hupewa nyeusi, na zile 100 zilizobaki hugawiwa majirani wanne ambao hawajafikiwa: sehemu 7 kati ya 16 kwa wa kulia, 3 kwa wa chini kushoto, 5 kwa wa chini moja kwa moja, na 1 kwa wa chini kulia. Hiyo ni takriban 44, 19, 31 na 6. Kosa liko wapi? Hakuna aliyekosea. Kuna masalio yaliyogawiwa kwa mizani, na jina lake liwe ugawaji wa masalio. Mwanafunzi akisikia makosa atadhani programu ni mbovu.

La mwisho ni dogo. Skrini ya Sinclair ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilikuwa na nukta 256 kwa 192, zilizogawanywa katika viraka 768 vya nukta 8 kwa 8, na kila kiraka kiliruhusiwa rangi mbili tu. Ndiyo sababu skrini nzima ilitosha katika baiti 6,912. Sanamu nyekundu ikipita mbele ya mti wa kijani, kiraka kilichoguswa chote hubadili rangi. Jambo hilo limefasiriwa mgongano wa rangi, kana kwamba ni kitambaa na shati visivyolandana. Kinachotokea ni kile kinachompata mtu afuaye nguo mpya pamoja na nyeupe: rangi zimeambukizana.

Itasemwa kwamba watumiaji wamekwisha kuzoea kubadilisha. Katika mazungumzo waendelee nalo, hatuna askari wa kuwazuia. Itasemwa pia kwamba kuhamisha lingetosha badala ya kuhawilisha. Lakini kuhamisha lina kazi tayari, ya kuitoa faili katika disketi moja kuipeleka nyingine, na hatuna sababu ya kuliongezea mzigo. Tunachoomba kinahusu faharasa na miongozo inayopitia kwetu. Kila panapoandikwa kwamba picha imepunguzwa rangi, maelezo yataje teuzi ya awali na teuzi mpya, kutoka 16 hadi 4, au kutoka 4,096 hadi 256, ili msomaji ajue la kufanya na faili ya kwanza kabla hajaifuta.