Waya Mmoja Ulioua Nusu ya Voliamu

Katika video ya fundi wetu aliyeunda kidhibiti cha kasi ya mota kwa taima mbili za 555, lehemu ilikuwa safi, mosfeti ya mota haikusahauliwa dayodi yake, voliamu imewekewa rezista ya 1K ya kuilinda, na masafa ya hezi 1,050 hivi yalitoka palepale yalipotakiwa. Sifa zinaishia hapo. Mlioitazama mlimwona akichukua waya mtupu na kuunga mguu wa 3 wa taima ya kwanza moja kwa moja na mguu wa 2 wa taima ya pili. Kazi yote iliharibikia hapo.

Saketi yenyewe ni hii. 555 ya kwanza, astebo, inapiga mapigo. Ya pili, monostebo, ikichokozwa inatoa palsi ambayo upana wake unaamuliwa na voliamu. Sharti lake ni dogo tu: mguu wa 2 ushuke chini ya theluthi moja ya volti za chanzo, kisha upande tena kabla palsi haijaisha. Ukibaki chini, mguu wa 3 hauteremki hata kapasita ikishapita theluthi mbili. Ni sawa na kubonyeza kengele ya mlango ukasahau kutoa kidole.

Piga hesabu za ubao wake. Rezista RA ya astebo ni 1K, RB ni 68K, kapasita nanofaradi 10. Astebo inakaa chini milisekunde 0.47 katika kila mzunguko wa milisekunde 0.95. Monostebo ina kapasita ya ukubwa uleule na voliamu ya 100K, na upana wa palsi ni 1.1 mara R mara C. Maana yake, mpaka ukinzani ufike kama 43K, voliamu haina amri yoyote: zungusha usizungushe, palsi ni ileile ya milisekunde 0.47. Ndiyo maana mota iligoma kushuka chini ya nusu.

Na yeye akalaumu nini? Voliamu! Akaing'oa, akaweka ya 250K. Oskiloskopu ilikuwa mezani, imewaka, na probu yake haikugusa mguu wa 2 hata mara moja. Voliamu mpya ikazidisha balaa, kwa sababu ukivuka 86K palsi inakuwa ndefu kuliko mzunguko wenyewe. Kichocheo kimoja kinarukwa, masafa yanakatika nusu, mota inaanza kunguruma. Kwa hiyo sehemu inayofanya kazi ikabanwa kati ya 43K na 86K, chini yake unazungusha hewa, na juu yake unaongeza ngurumo.

Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa 8 na wa 1 nayo haikuwepo, na mguu wa 5 uliachwa unaning'inia. Nimelisema hili hadi wahariri wamenichoka. 555 ya kawaida inavuta mkondo wa ghafla kila inapogeuka, na ukiweka mbili kwenye chanzo kimoja zitasumbuana.

Hans Camenzind alipoibuni chipu hii kwa ajili ya Signetics mwaka 1971, mchoro wake wa kwanza ulihitaji miguu 9. Akaurudia, akaondoa chanzo cha mkondo kilichokuwa ndani, akatumia rezista ya nje, ikatosha miguu 8. Mtu alipigania mguu mmoja namna hiyo, leo tunauchomeka bila kusoma karatasi ya maelezo yake. Mafundi wa redio walionitangulia hawakuwa na video wala oskiloskopu, lakini mguu wasioujua hawakuugusa.

Ndugu fundi, rudisha ile voliamu ya 100K, haikuwa na kosa. Kata waya ule. Mahali pake weka kapasita ya nanofaradi 1, mguu wa 2 uvutwe kwenye chanzo kwa rezista ya 10K, na sambamba nayo dayodi ya 1N4148, katodi ikielekea chanzo. Kichocheo kitadumu mikrosekunde 4 hivi, na mota itakutii tangu mwanzo wa voliamu. Kisha rekodi video upya.