Shuu iliyolowa hairudishwi

Yule bwana wa Probox, kwenye video yake ya breki za nyuma, nimemtazama mpaka mwisho, kama nanyi mlivyomtazama, na mwanzoni nilikuwa upande wake. Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaliweka gari juu ya stendi badala ya kutegemea jeki peke yake, akaachia handbreki, kisha akakaza bolti mbili za milimita 8 kwenye matundu ya dramu mpaka ikatoka bila kupigwa nyundo. Safi kabisa. Baada ya hapo akaiharibu kazi yote kwa uamuzi mmoja.

Rudisheni video mpaka pale anapofunua raba ya vumbi ya wili silinda ya kushoto. Ncha ya bisibisi inaingia, raba inanyanyuka, na mafuta yanatiririka kwenye bamba. Shuu ya upande huo ni nyeusi, inang'aa kutoka juu hadi katikati. Hapo hapo alishapewa jibu lote: kikombe cha raba ndani ya silinda kimekwisha, na shuu imekunywa mafuta. Akachukua chupa ya petroli na kipande cha msasa. Akaosha, akasugua mpaka ukijivu ukarudi, akatuambia laini bado ni nene, akafunga.

Nani alimuuliza habari za unene? Laini ya shuu ni nyuzi na unga vilivyoshikwa kwa resini. Ina vinyweleo, na mafuta ya breki huzama humo. Msasa unasafisha uso tu. Siku atakaposhuka mlima wa Kitonga na mzigo, joto litayatoa yaliyozama, na gurudumu hilo ama litateleza ama litang'ata ghafla kabla ya mwenzake. Barabara ikiwa na mvua, mkia wa gari unahama, na hakuna usukani wa kuurudisha kwa wakati. Shuu iliyolowa inatupwa, hata kama ilinunuliwa jana.

Petroli nayo ni kosa juu ya kosa. Raba za mfumo wa breki zimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki. Petroli, dizeli na oili ya injini huzivimbisha. Yeye aliimwagia silinda ambayo tayari inavuja.

Na si suala la gurudumu moja. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yamegawanyiwa mfumo wa breki kwa mshazari: nyuma kushoto pamoja na mbele kulia. Silinda ile ikimaliza mafuta ya nusu yake ya mfumo, anapoteza na breki ya mbele ya kulia pia, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari.

Mnaonisoma mnajua ninavyochukia mtindo wa kuziba bomba: gurudumu linavuja, fundi analikunja bomba na kulipiga nyundo ili mteja aondoke leo. Huyu hakuziba, lakini fikra ni ile ile. Aliona uvujaji, akaushughulikia uchafu. 

Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wa enzi za Peugeot 404 hawakuwa na video ya kuwaelekeza. Dramu ikishatoka, raba mbili za silinda zilifunuliwa kwanza, kabla koleo halijagusa springi. Kidole kikilowa, kazi ilibadilika hapo hapo: silinda ifanyiwe raba mpya au ibadilishwe, shuu mpya, pande zote mbili, kisha upepo utolewe. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na ndugu yake Jaswant, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na akashinda tena 1974 na 1976. Watu wa namna hiyo waliliamini gari baada ya kulikagua.

Nimpe haki yake: ajasta alizirudisha kila moja upande wake, na wengi hukosea hapo, maana nyuzi za kushoto na kulia hupingana.

Lakini tazameni mwisho. Anafungua boneti, anaongeza mafuta ya breki mpaka alama ya juu, anazunguka uani, breki zinashika, anafurahi. Uani shuu ni ya baridi, na ya baridi huweza kushika hata ikiwa imelowa. Hayo mafuta aliyoongeza je? Hakufungua bomba wala kutoa upepo. Pedi za mbele alisema ni mpya, na shuu alisema ni nene, kwa hiyo kiwango cha mafuta hakikushuka kwa kulika kwa laini. Kilishuka kwa sababu ya ile silinda, nayo alikuwa ameshaifungia ndani ya dramu.