Treni Inakimbia, Fidla Hazina Haraka

Katika filamu Out of Africa ya mwaka 1985, Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, anapanda gari moshi kutoka pwani kwenda Nairobi. Anayeijua reli ile anajua kilichoko katikati: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Hiyo ndiyo Makueni, ingawa filamu ilipotoka eneo hilo lilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Kwenye skrini tunaona nyika, moshi na injini. Masikioni tunapata okestra ya Mwingereza John Barry.

Mtunzi wa kawaida akipewa picha ya treni huiga magurudumu. Ngoma hupiga mapigo ya haraka, nyuzi hukwaruza, na muziki hukimbizana na injini. Barry hakufanya hivyo. Fidla zake zinaimba pamoja sauti ndefu zilizoungana, na zinapovuta pumzi mabaragumu yanaingia kuzijibu. Besi nayo inabadilika taratibu, kama isiyojua kuna safari. Jicho linakwenda kasi, sikio linakwenda pole, na katika pengo hilo mtazamaji anaacha kuhesabu mwendo, anaanza kuona upana wa nchi.

Kuna sababu ya ndani zaidi. Filamu inasimuliwa na Karen aliyekwisha kuzeeka, yuko kwao Denmark, anakumbuka. Kwa hiyo muziki unafuata mwendo wa kumbukumbu ya mwanamke huyo, wala si mwendo wa treni. Tena kumbukumbu hiyo imetengenezwa: Karen halisi alifunga ndoa Mombasa Januari 1914 kabla ya kupanda treni, lakini katika filamu arusi inamsubiri Nairobi.

Asidhani mtu kwamba Barry hakuweza kuandika muziki wa kasi. Alizaliwa York mwaka 1933, baba yake akimiliki majumba ya sinema. Alifundishwa na Francis Jackson, mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji huo, na mwenyewe alipuliza tarumbeta. Muziki wa filamu za James Bond uliompa jina umejaa tarumbeta zinazofoka. Upole wa Out of Africa ni uamuzi wa fundi.

Uamuzi ulio mzito zaidi ulikuwa mwingine. Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa amefikiria kutumia muziki wa Kiafrika. Barry alimpinga: kwa maoni yake hadithi ile haikuwa ya Afrika, ilikuwa ya watu wawili waliopendana wakiwa huku. Nakubaliana naye. Ngoma zinazobandikwa juu ya picha ya wapenzi wa Kizungu huwa pambo tu, na pambo la namna hiyo limetuchosha. Heri mtu aseme wazi anasikia kwa sikio la nani. Tuzo ya Oscar ya muziki aliyoipata kwa filamu hii haikuwa ya kwanza kumjia kupitia Kenya. Born Free ya 1966, kisa cha simba Elsa, ilimpa mbili. 

Lakini sikio la mtu mmoja lina gharama yake. Njiani treni inasimamishwa ili Denys Finch Hatton apakie pembe za ndovu, na ndipo mpenzi anapoingia katika hadithi. Basi. Ukambani, nchi ambamo reli hiyo inapita, pembe zina historia ndefu kuliko reli yenyewe. Kivoi wa Kitui alikuwa akipeleka misafara ya pembe pwani, na alikuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Reli ilifika Nairobi nusu karne baadaye, mwaka 1899. Kwa fidla za Barry, nchi inayopita dirishani ni tupu na nzuri. Hakuna mtu anayeishi ndani ya ule muziki isipokuwa anayekumbuka.

Sauti za Waafrika zimo katika filamu, ila zimewekwa mahali pake. Wimbo Siyawe umo hata kwenye albamu, lakini unasimama peke yake, nje ya okestra. Mozart naye anatoka kwenye gramafoni ya Denys. Barry hakuvichanganya. Ndege ya Denys inapopaa, mngurumo wa injini unafifia, maneno yanakoma, na kwaya isiyotamka neno lolote inajiunga na nyuzi. Ingekuwa rahisi hapo kuingiza waimbaji wa Kenya ili pafanane na Afrika. Aliweka sauti zisizo na lugha, na mantiki yake ikabaki nzima.

Sasa mpe mtunzi wa mji wa Wote au wa Kitui picha ileile ya treni, ila umweke nje, chini, pamoja na wanaoitazama ikipita. Ule mwendo wa pole hautamfaa, maana walio chini hawakumbuki chochote bado, kitu kinawajia. Akichukua kilumi, ngoma ya akina mama wazee ya kuombea mvua, ataanza na mwimbaji na waitikiaji, mapigo yakiwa tayari yamekolea kabla injini haijaonekana. Treni itaingia katikati ya wimbo wa watu, nao hawatanyamaza kuipisha.