Kiti Kinachojua Kunyamaza

Helikopta ya Mi-8, ile nyeupe ya Umoja wa Mataifa ambayo watu wa Kisangani wameizoea tangu enzi za MONUC, kikosi cha Umoja huo cha kulinda amani Kongo, ina mapanga matano, na rota yake huzunguka mara 192 kwa dakika. Piga hesabu: kila sekunde, panga hupita juu ya mkia mara 16. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Kwa hiyo mdundo wa msingi wa Mi-8 karibu hausikiki. Tunachosikia ni makelele yaliyopandia juu yake. Mdundo wenyewe hupita kifuani, kwenye vioo vya madirisha na kwenye mabati ya paa.

Hapo ndipo inapoanzia kazi ya fundi ninayetaka kumsifu. Wako watu wenye simuleta ya urubani nyumbani: kompyuta, usukani wa kufunga mezani, pedali, na programu kama X-Plane au Microsoft Flight Simulator. Macho yao yanaona Mto Kongo ukijikunja chini ya bawa, masikio yanasikia injini, lakini mwili umekaa kwenye kiti kisicho na habari yoyote. Fundi huyu anakipa kiti hicho habari, na anaipitisha kwenye njia ya sauti.

Chombo chenyewe ni spika iliyonyang'anywa mdomo. Koili ipo, sumaku ipo, amplifaya inaisukuma kama kawaida, ila badala ya karatasi ya kusukuma hewa kuna uzito wa chuma unaocheza ndani ya kopo. Ukilikaza kopo hilo kwa skurubu chini ya kiti, sauti haiendi hewani tena. Inaingia kwenye mbao, kisha kwenye mifupa. Wala si ajabu kuona urubani wa nyumbani ukikopa kwa watu wa muziki. Edwin Link, Mmarekani aliyetengeneza simuleta ya kwanza iliyofaa kufundishia marubani mwaka 1929, alilelewa katika kiwanda cha baba yake cha piano na ogani, na sanduku lake liliinama na kuinuka kwa mivukuto ya ogani.

Anayeanza hupeleka sauti yote kitini. Matokeo yake ni kichekesho: mwongoza ndege akitoa ruhusa ya kutua, mapaja yanawashwa. Basi anaweka kichujio, chochote kilicho juu ya mitetemo 80 kwa sekunde kinazuiwa, na sauti za watu zinabaki masikioni zinakostahili kuwa. Wengi huishia hapo, na si vibaya.

Fundi mwenyewe haishii hapo. Anaacha kuisikiliza injini ya kompyuta na kuanza kuisoma. Simuleta inajua kila kitu kuhusu ndege yake: injini inazunguka mara ngapi, tairi gani limegusa ardhi na kwa kishindo kipi, magurudumu yametoka au yamefichwa, upepo unalipiga bawa kwa pembe gani. Programu huzichukua namba hizo na kutunga sauti mpya ambayo haikusudiwi kusikiwa na mtu. Cessna Caravan, ndege inayofaa sana kwa viwanja vifupi vya msituni, ina pangaboi la mapanga matatu lenye kikomo cha mizunguko 1,900 kwa dakika. Hiyo ni mitetemo 95 kwa sekunde. C-130, kama zile zilizowaangusha askari wa miamvuli wa Ubelgiji hapa Kisangani tarehe 24 Novemba 1964, ilikuwa na mapanga manne yanayozunguka mara 1,020, yaani 68. Fundi wa kweli hakisii namba hizi. Anakwenda kuzitafuta katika vitabu vya ndege, na hili peke yake linanitosha kumheshimu.

Halafu anakutana tena na ile Mi-8. Anahitaji mitetemo 16, na vyombo vingi vya aina hii chini ya 20 vinachoka tu bila kufanya kazi. Akiongeza nguvu, koili itaungua. Basi anachukua mtetemo wa 40, ambao chombo kinaumudu vizuri, na kuipandisha na kuishusha nguvu yake mara 16 kila sekunde. Kiti hakitoi 16 hata kidogo. Kinatoa 40 inayopumua. Mwili unahesabu pumzi na kuridhika.

Mashariki mwa Kongo yetu hekima hii ya kusema mengi kwa sauti chache si ngeni. Walokele, wanaoishi kandokando ya mto chini ya Kisangani, wana gogo linalosema. Mchongaji hulitoboa kupitia ufa mwembamba, akikwangua ndani upande mmoja zaidi ya mwingine, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena, hadi midomo miwili ya ufa itoe sauti mbili tofauti. Sauti mbili tu, moja ya kiume na moja ya kike. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, aliyejifunza kulipiga na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949, alieleza jinsi maneno mengi yanavyofanana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na jinsi mpigaji anavyorefusha neno liwe fungu zima la maneno ili asikosewe. Kwa njia hiyo habari ya msiba ilivuka kilomita kadhaa za msitu. Kiti cha simuleta nacho ni chombo chenye msamiati mdogo. Kukipa nguvu zaidi hakukiongezei neno hata moja. Anayekiongezea maneno ni yule anayepanga lini kiseme, kwa kasi gani, na lini kinyamaze.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Injini ikitikisa kiti muda wote kwa nguvu, ngozi inazoea na kuacha kusikia, na pale bawa linapoanza kupoteza uwezo wa kubeba ndege, mtetemo wa onyo unazama katika fujo. Katika ndege halisi onyo hilo halifanyiwi mzaha. Ndege nyingi kubwa za abiria zina mota ndogo yenye uzito wa upande mmoja iliyofungwa kwenye usukani, kazi yake ikiwa kuutikisa mikononi mwa rubani kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo fundi anapunguza. Injini anaiacha iwe kama fununu, magurudumu yakitembea ardhini anayapa zaidi kidogo, na kishindo cha kutua anakiachia nafasi yake. Chini ya miguu ya kiti anaweka raba ili mtetemo usitoroke kupitia sakafu ukaamshe watoto. Skurubu moja ikilegea, kiti kizima kinazomea, naye analala chini na spana kuitafuta.

Anayetaka kujaribu hapa Kisangani asiogope bei za ng'ambo. Amplifaya ya gari hutumia volti 12, na betri ya sola inatoa volti hizo hizo hata umeme ukikatika. Mafundi wa baffle, yaani spika kubwa, wanajua koili na sumaku kuliko wengi wetu. Ukishamaliza, fumba macho, vua spika za masikioni, umwombe mwenzako akubadilishie ndege bila kukuambia. Usipoweza kuitambua kwa mapaja peke yake, rudi ukapunguze.