Wembe wa Mtu Mmoja

Kwenye mikeka ya vyuma vikuukuu sokoni Mpanda, kati ya spana zilizolika, makufuli yasiyo na funguo na mikasi iliyochoka ya mafundi cherehani, mara mojamoja hutokea wembe wa kukunja. Muuzaji huuita kisu. Huufungua kwa nguvu, akaugonga kwenye ukingo wa ndoo kuonyesha kwamba ni chuma cha kweli, na kwa pigo hilo moja huwa ameumaliza. Makali yaliyotunzwa miaka na mikaka na mtu ambaye sasa ni marehemu hupata pengo mbele ya macho yako. Simlaumu muuzaji. Hajawahi kumwona mtu akinyolewa kwa kitu kile, na waliomzunguka hawajawahi pia.

Yupo mzee mmoja hapa mjini, kinyozi tangu ujana wake, ambaye bado anazitengeneza nyembe za namna hii. Nimekuwa nikikaa naye jioni, kwanza kutazama, kisha kushika. Kununua kwenyewe ni elimu. Mng'ao hamshughulishi hata kidogo. Kutu ya mgongoni anaisamehe, ila iliyochimba hadi makalini haisamehe. Huulaza wembe juu ya kipande cha kioo. Ukiyumba, anaurudisha mkekani. Hupitisha ukucha taratibu kwenye makali, kutoka shinani hadi nchani, na ukucha humwambia palipo na ufa ambao jicho halioni. Akiona kivuli cha samawati karibu na makali, haulizi hata bei: huo umeshapita kwenye jiwe la kuzungusha la wanoaji wa barabarani, ukaungua, na chuma kilichoungua hakishiki makali tena.

Maandishi ya shinani nayo husomwa. Mengi ni ya miji miwili, Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo wembe wenye jina la mji peke yake, bila la nchi, mara nyingi ni wa kabla ya hapo. Unaposhika kitu cha umri huo katika mji ambao reli yake, ile ya kutoka Kaliua, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, unabaki kujiuliza umepitia mikono ya nani: mmisionari wa Karema, karani wa mgodi, au msafiri aliyeuacha rehani akakosa kurudi.

Jambo moja mzee hulirudia kwa kila anayemjia. Kipini kikiwa cha pembe ya ndovu, usikiguse. Karne ya 19 Sheffield ilitumia pembe nyingi za Afrika kwa vipini vya visu na nyembe, na njia za misafara kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora zilipita huku kwetu. Leo hizo ni nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kesi, na sisi tunaoishi jirani na Hifadhi ya Katavi tunajua kwa nini sheria ikawa kali hivyo.

Kipini kinachonivuta mimi ni cha pembe ya ng'ombe. Pembe si adimu tena Katavi tangu Wasukuma walipohamia na mifugo yao. Mzee huichemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka ilainike, akaipasua kwa msumeno mdogo, akaibana kati ya mbao mbili na kuitwika jiwe usiku kucha ili ikauke ikiwa bapa. Asubuhi huifuata kwa tupa, kisha huikwangua kwa kipande cha chupa, na hapo rangi huanza kutoka: weusi wenye michirizi ya moshi, na ukiinua juani mwanga unapenya. Husugua kwa kitambaa chenye majivu na mafuta mpaka vidole viteleze. Kilicho kigumu kuliko vyote ni ribiti. Huzikata kwenye waya wa shaba, akazigonga kwa nyundo ndogo, pigo la huku na pigo la huku, huku akifungua na kukunja wembe kila baada ya mapigo machache. Zikikaza mno, pembe hupasuka. Zikilegea, makali yatagonga kipini na kuvunjika. Wembe ukikunjwa vizuri huangukia katikati, bila kugusa upande wowote. Nimemwona akiitoa ribiti iliyokaa sawasawa kwa macho yangu na kuanza upya, kwa sababu yeye alihisi kaukwaruzo ambako mimi sikukasikia.

Kutu huondolewa kwa msasa laini na maji, kwa mkono. Kisha kinoo: mgongo na makali hulazwa pamoja, wembe ukienda kwa makali na kugeuzwa kwa mgongo. "Mwanangu, unaukandamiza," aliniambia. "Uache, uzito wake unatosha." Baadaye mkanda wa ngozi, na mwisho tone la mafuta ya cherehani.

Wazee wa zamani huku hawakuungoja wembe kutoka Ulaya. Jirani zetu Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, wakakisafisha chuma katika tanuri ndogo ya pili kabla mhunzi hajakifua. Chuma cha wahunzi ndicho kilichonyoa nywele za mtoto mchanga na nywele za msiba. Majembe ya bei rahisi kutoka ng'ambo yakaja, moto ukazimika, na pamoja nao ikapotea akili ya kujua kwa nini chuma hiki ni kigumu na kile ni laini.

Najua kwa nini wembe wa kinyozi uliondoka. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, wembe mmoja kupita kwenye vichwa vingi ukawa hatari, na kuuacha ilikuwa haki. Mzee naye aliuacha siku hizo, na hata leo hamtengenezei mtu wembe bila kumuuliza atakayeutumia ni nani. Akisikia ni wa nyumba nzima, anakataa kazi. Lakini tulipoutupa wembe wa wengi tulitupa na wa mtu mmoja, ule ambao mwenyewe angeunoa, angeukausha na kuufunga kwenye kitambaa maisha yake yote. Tukashika viwembe vya kutupa, uzao wa hataza aliyoipata King Gillette mwaka 1904, na hata kuvitupa hatujui. Vimezagaa kwenye majalala na mitaroni ambako watoto wanapita pekupeku. Asiyewahi kunoa kitu hajui kuogopa makali yake.

Wanawe mzee wana saluni zenye vioo na mashine za umeme. Wanamheshimu, wanamletea sukari na dawa, ila hakuna aliyewahi kuomba kushika kinoo chake. Anayefundishwa ni mimi, mtu wa makamo niliyekuja kutazama, na nyembe nitakazoweza kuziokoa kabla mikono yake haijachoka ni chache kuliko zinazoharibiwa sokoni kila wiki.