Pongezi kwa fundi anayepima kabla ya kufungua

Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zingali zinapanda milima yetu, na nampongeza kwa moyo wote fundi wa gereji anayezidumisha barabarani. Mtazame siku pedali ya klachi inapozama hadi chini na gia zinakwaruza. Hakimbilii kushusha gia boksi, kazi nzito ya kumgharimu mteja. Anapiga pampu mara kadhaa: pedali ikipanda, huenda kuna upepo ndani ya bomba au raba za masta ya juu zimechoka. Anapapasa nyuma ya pedali akitafuta unyevu wa mafuta. Kisha anaingia uvunguni. “Kanyaga, mzee! Shikilia!” Anapima mwendo wa kijiti cha masta ya chini. Kikisogea kidogo tu, ugonjwa uko kwenye mafuta na raba. Kikisogea sawasawa na gia bado zinagoma, hapo ndipo anaitaja klachi pleti. Subira hiyo naiheshimu kuliko spana zake zote. Mwishoni anatoa upepo, kibomba cha mpira kimezamishwa kwenye kopo la mafuta ya breki, akingoja mapovu yakome.